Kumlishia Enesia Jogoo Wake

Nina miaka arobaini na saba na nimestaafu. Msicheke. Mtu wa serikali anastaafu kwa umri, sisi wa shule za watu binafsi tunastaafu siku mkurugenzi akituchoka. Ninyi walimu wadogo mliobaki pale mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa habari za vile vishikwambi, kwa sababu ninyi mmevikuta na mimi nilikuwepo vikishushwa kwenye gari. Naandika, kwa Kiswahili changu hiki hiki cha masomo ya jioni. Ya mshahara sitagusa. Mkurugenzi alikuwa hapendi tuyaseme, na kusema kweli hayakuwa na urefu.

Pale shuleni nilikuja kupika uji. Darasa la saba nilimalizia Mlowo, nikaolewa, nikaletwa Tunduma, na watoto wangu walipoanza kutembea nikatafuta kibarua. Jiko lilikuwa limeshikana ukuta na darasa la awali. Siku moja mwalimu wa awali hakutokea, watoto wakawa wanaparamia madirisha, mwalimu mkuu akanifuata jikoni. "Mama, hebu kaa nao mpaka saa nne." Nikaingia na mwiko mkononi. Sikuwa na cha kufundisha, nikawaimbisha nyimbo za watoto za kanisani. Saa nne ikafika, ikapita. Hakuna aliyekuja kunitoa. Uji siku ile uliungua, ndiyo maana mnaona lile sufuria kubwa lina doa.

Aliyenifanya mwalimu ni Mwalimu Haonga, Mungu amrehemu, mzee wa Mbozi aliyevaa koti zito hata kwenye jua la Oktoba. Alikuwa na gunia la vizibo vya soda, alivyookota kwenye baa zote za barabarani, na walokole wenzangu walimsema sana kwa hilo. Kwa vizibo vile watoto walijumlisha, wakatoa, wakapanga mafungu. Kugawanya alifundishia mdako. Anachimba kishimo uani, anaweka kokoto, mtoto anarusha moja juu na kabla haijarudi mkononi anachota nyingine tatu tatu. Zilizobaki shimoni ndizo baki. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anakuambia baki huku macho yapo angani.

"Nzunda," aliniambia, "usiwatangazie kwamba wanasoma. Waache wacheze, utawatangazia wakimaliza."

Yeye ndiye alinisukuma nikaanza masomo ya jioni. Tulisoma na mawakala wa forodha, matingo wa malori na dada mmoja muuza vitenge ambaye alikuwa akilala kwenye hesabu na kuamka kwenye Kiingereza. Nilipata cheti cha sekondari, baadaye cha ualimu, kidogo kidogo, likizo kwa likizo. Mume wangu alinung'unika mpaka akazoea. Mimi niliomba Mungu kila hatua, na sioni aibu kuliandika hilo, hata kama mtu wa ofisini atalisoma.

Haya, sasa vishikwambi.

Vilikuja na gari jeupe na kijana anaitwa Kelvin, mtaalamu, mpole, viatu vyake vyeupe. Nilimwonea huruma kwa vile viatu maana mnalijua vumbi letu. Wafadhili walikuwa wameichagua shule yetu kwa majaribio. Kila mtoto wa darasa la sita na la saba alipewa kishikwambi chake cha kutumia hapo hapo shuleni, na ndani yake mchezo wa hesabu na kusoma. Katika mchezo kila mtoto anafuga jogoo. Ukijibu maswali ya siku hiyo, jogoo anakula, anaongezeka unyoya mmoja. Ukipitisha siku ya shule bila kumlisha, ananyonyoka. Hanyonyoki unyoya mmoja, ananyonyoka wote, anabaki na ngozi na aibu. Ijumaa Kelvin au mimi tunawasha projekta, majogoo wote wanajipanga ukutani kuanzia mwenye manyoya mengi mpaka wa mwisho. Wa mwisho watoto walimpa jina siku ile ile: kuku wa supu.

"We kuku wa supu, pisha nikae!"

"Supu mwenyewe! Subiri Jumatatu!"

Mambo ya kawaida mliyojifunza wenyewe sitayarudia sana. Mtoto aliyetoka kula muwa apanguse vidole, kioo hakimsikii. Chaji asubuhi mapema, kabla mashine za kusaga hazijaanza kuvuta umeme wa mtaa. Na angalieni saa. Kishikwambi cha mwalimu kikikamata mtandao wa Zambia kinarudi nyuma saa nzima, na mara mbili nimemaliza kipindi nikaambiwa na mashine kwamba sijaanza. Kelvin alipiga simu Dar es Salaam kuuliza tatizo. Dar hawakujua kwamba huku nchi nyingine ipo ng'ambo ya barabara.

Sikuvichukia, mniamini. Kulikuwa na kijana anaitwa Obedi, mwenye kigugumizi. Tangu darasa la kwanza hajawahi kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, kwa sababu walikuwa wanamwigiza. Kwenye kishikwambi alivaa vile visikilizio, akawa anasoma na mashine, taratibu, na mashine haichoki wala haicheki. Muhula haukwisha, Obedi alisimama akasoma aya nzima. Nililia mbele ya darasa. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba Madam Nzunda alikuwa adui wa teknolojia. Hilo limesemwa, nimelisikia.

Aliyeongoza ukutani alikuwa Enesia, wa darasa la saba. Baba yake alikwishaondoka zamani. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Msangano, anauza mchele wa kule hapa Tunduma, na kwa mchele huo alimsomesha. Enesia alikuwa mtoto wa kimya, mwenye akili ya kutisha kwenye sehemu na desimali. Mwanzoni mwa mwaka ule wafadhili walitangaza kwamba mtoto mmoja wa darasa la saba, atakayekuwa juu ukutani siku ya wageni, watamlipia sekondari ya bweni mpaka kidato cha nne. Mama Enesia alikuja shuleni na khanga yake ya kanisani kuniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, mama."

"Basi madam, huyo jogoo asilale njaa," akasema, tukacheka wote wawili.

Kabla ya siku ya wageni mama yule aliugua. Hakuugua muda mrefu. Ndugu walimpeleka hospitali Vwawa, wakarudi naye kwenye sanduku, msafara ukaenda kuzika Msangano, na Enesia akaenda nao. Kule msiba wa mama haukai siku mbili tu ukaisha. Mtoto alikaa na bibi yake mpaka alipoachiliwa.

Wiki ile ile naingia darasani naona Jackline, rafiki yake wa dawati moja, amemaliza maswali yake ila bado ameinamia kioo, na kishikwambi alichoshika si chake.

"Jackline, wewe si umemaliza? Unafanya nini hapo?"

"Namlishia Enesia, madam."

"Unamlishia nini?"

"Jogoo wake. Enesia yupo msibani." Aliniangalia kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. "Leo ni mimi. Kesho Obedi. Tumepangiana zamu."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna. Sasa madam, si atakufa njaa?"

Mnaotoka mbali labda hamlijui hili. Huku kwetu mtu akifiwa hashiki kazi ya nyumbani kwake. Majirani wanateka maji, wanapalilia, wanakamua ng'ombe kama yupo, na kuku wake wanalishwa na yeyote aliye karibu mpaka mwenyewe atakaporudi. Haombwi mtu. Ukirudi kutoka msibani ukakuta kuku wako wamekufa njaa, mtaa mzima una aibu. Wale watoto wamekulia humo. Waliambiwa mwenzao ana jogoo, mwenzao akafiwa, wakafanya walichoona mama zao wakifanya. Namba ya siri ya Enesia, yaani picha ya ndizi anayobonyeza kuingia, darasa zima lilikuwa linaijua.

Nilisimama nyuma nikawasikiliza.

"Obedi, angalia vizuri, Enesia hakosagi sehemu. Usimwaibishe."

"N-naangalia. Tulia."

Hawakutaka kumlisha ovyo ovyo. Enesia alikuwa ngazi ya juu kuliko wao, kwa hiyo ili wamlishe ilibidi wajifunze maswali yake. Walinifuata mapumziko kuniuliza namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu, watoto ambao mimi nilikuwa nawakimbiza na fimbo ya macho waende ubaoni. Nikawafundisha. Sikuona kosa siku ile na leo silioni. Jioni kwenye maombi ya akina mama nilimshukuru Mungu kwa ajili ya darasa lile kwa sauti, wakasema amina.

Enesia alirudi amenyolewa kichwa, amekonda. Alikaa, akawasha, akabonyeza ndizi yake. Jogoo akatokea, mnene, mkia umejaa mpaka unatoka nje ya kioo.

"Nani kamlisha?"

"Sisi," wakasema.

Alifunika mdomo akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona akicheka pale shuleni.

Siku ya wageni kulikuwa na hema, spika, na mkurugenzi kwenye suti. Projekta ikawashwa, Enesia juu kabisa. Mkurugenzi anapenda kipaza sauti, mnamjua. Akasimama akaeleza kwamba mtoto huyu, ndugu wageni waalikwa, amefiwa na mama mzazi muhula huu huu, na hata hivyo hakukosa siku hata moja kulisha jogoo wake. Hivyo ndivyo teknolojia inavyomjenga mtoto kuwa jasiri! Makofi. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, akamwita Enesia mbele akamshika bega.

"Mwanangu, ulipata wapi nguvu ya kusoma kwenye msiba wa mama?"

Enesia akaangalia chini. Jackline, aliyekaa mstari wa mbele na soksi mpya, akanyoosha kidole juu mpaka akanyanyuka kwenye kiti.

"Sisi ndio tulimlishia, madam! Tulipangiana zamu darasa zima! Hata Obedi!"

Akageuka kutuangalia, anasubiri makofi. Wenzake walikuwa wameshaanza kupiga. Walipiga wao peke yao, wakaacha mmoja mmoja.

Baadaye niliitwa ofisini. Mkurugenzi amelegeza tai, Kelvin ameshika kompyuta yake mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Madam Nzunda, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Sikunyamaza, mkurugenzi. Niliwasaidia kwenye sehemu."

Kelvin akasema, kwa upole wake ule, "Mama, tatizo ni kwamba data zimechafuka. Mfumo unatakiwa uone mtoto mmoja anaendaje. Sasa hapa hatujui nani amejifunza nini."

"Mimi najua. Niulize mimi."

"Siyo hivyo inavyofanya kazi, mama."

"Kelvin mwanangu, kwenu mtu akifiwa, kuku wake mnawaacha wafe?"

"Hii ni programu tu, mama. Hakuna kuku."

"Watoto je, wapo?"

Mkurugenzi akagonga meza. Akasema wageni wameondoka na picha mbaya, shule imeitwa ya wadanganyifu, na ili kuokoa mradi, jina la Enesia linatolewa na nafasi inakwenda kwa anayefuata. Nilimwambia mtoto hakulisha wala hakuomba alishiwe, alikuwa kaburini kwa mama yake. Nilimwomba ampe mtihani wa karatasi hapo hapo, na wenzake, tuone nani wa kwanza. Nilimwomba kwa kupiga magoti, na mimi huwa napiga magoti mahali pamoja tu. Akasema, "Inuka, mama, usituletee mambo ya kanisani." Nikainuka.

Aliyefuata alikuwa Obedi.

Alinifuata chooni kule nyuma, macho mekundu. "M-madam, mimi nilimlishia siku nne. Waambie wampe." Nikamwambia nimeshawaambia. Mama yake alikuja kushukuru na kuku wa kweli, amefungwa miguu, nikampokea, nifanyeje? Obedi alikwenda bweni. Anafanya vizuri, na namwombea. Ila kigugumizi, mama yake anasema, kimerudi.

Enesia alimaliza la saba na akachukuliwa na mama yake mdogo anayeishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mwaka jana nilikutana naye pale mpakani amebeba furushi la vitenge kichwani, mrefu, amekuwa dada. Akanisalimia Kibemba, "Mwapoleni," halafu akanitambua, akashusha furushi, akasema shikamoo madam. Nilimuuliza kama anasoma. Akasema anasubiri mama mdogo ajipange. Mlio mpakani mnajua kujipanga huko kunachukua muda gani.

Mchezo ukarekebishwa. Siku hizi kishikwambi kinapiga picha ya uso kwanza, na uso usipokuwa wa mwenyewe jogoo hafungui mdomo. Kelvin alilieleza darasa jipya kwamba kila mtu ashughulike na wake, anayemsaidia mwenzake wote wawili wananyonyoka. Akaandika ubaoni neno uaminifu. Watoto wakalinakili kwenye madaftari. Watoto wanashika haraka, ndiyo raha ya kazi yetu na ndiyo hatari yake.

Kwa hiyo mwaka huu, baba yake Lusajo wa darasa la saba alipofariki, mimi nilikuwa nasubiri kuona. Lusajo alikuwa wa tatu ukutani. Jumatatu hayupo. Nikauliza darasani, "Lusajo yuko wapi?" Wakajibu kwa pamoja, amefiwa. Nyumba yenyewe iko karibu na shule, turubai linaonekana ukisimama dirishani. Nikauliza nani amekwenda kumpa pole. Wameinamia vioo, wanalisha.

Ijumaa nikawasha projekta, maana ndiyo ratiba. Majogoo wakajipanga. Wa Lusajo akatokea mwisho kabisa, hana unyoya, anatetemeka kama walivyomtengeneza. Nikaangalia nyuso zao. Nilikuwa tayari kwa kilio, hata kwa kicheko ningejua la kufanya. Winfrida, mtoto wa heshima, kwaya ya watoto kanisani kwetu, akaruka kwenye kiti.

"Madam, nimepanda! Mimi ndiyo wa tatu!"

Nikazima projekta. Nikawaambia waache vishikwambi mezani, watoke nje, wajipange wawili wawili.

"Tunakwenda wapi, madam?"

"Msibani kwa Lusajo."

"Lakini hatujalisha!"

"Nimesikia."

"Madam, watanyonyoka! Wote watanyonyoka!"

"Watanyonyoka," nikasema. "Tembeeni."

Tukatoka getini darasa zima, mlinzi ananiangalia, tukapita kando ya foleni ya malori. Nilijua mkurugenzi ataitwa kabla hatujafika, na kweli simu ilianza kutetemeka kwenye mkoba. Sikuipokea. Ninyi mtasema nilitupa kazi kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Semeni. Kama mngeniuliza siku ile ningewaambia hivi hivi, kwamba mtoto aliyepanda kwa kufiwa kwa mwenzake nimemfundisha mimi, na siwezi kumpeleka mbele ya Mungu akiwa hivyo.

Tulipofika, akina mama wakatupisha kwenye mikeka. Lusajo alikuwa amekaa karibu na mjomba wake, kavaa shati la shule. Alituona, akakaza uso, halafu akashindwa. Watoto waliketi. Hawakujua la kusema, nikaanzisha wimbo, wachache wakaitikia.

Katikati ya wimbo Winfrida akaanza kulia, kilio cha kwikwi, mabega yanaruka. Bibi mmoja wa pale akamvuta, akamlaza mapajani, akampigapiga mgongoni. "Pole mwanangu, pole. Ona mtoto alivyo na huruma." Wenzake wengine nao wakaanza kulia, na akina mama wakaguswa sana, mmoja akanishika mkono akasema, "Madam, umewalea."

Winfrida alikuwa ananong'ona kwenye khanga ya yule bibi, na mimi nilikuwa karibu, nilimsikia. Alikuwa anasema manyoya yangu, manyoya yangu.

Nikaendelea kuimba.